Diski ya Kwanza

Jumatatu, 3 Novemba 2025

Mashine ishirini na nne! Kompyuta hizi zimefika leo kwenye kituo chetu cha mafunzo Ngagara, zimefungwa kwa magazeti ya Ubelgiji. Aloys, mkuu wetu, anataka zote ziwe tayari Jumatatu ijayo, wanafunzi wanaanza. Kuziwekea mfumo moja moja, kila moja ikikuuliza lugha gani, saa ya wapi, diski igawanywe vipi — nitazeeka hapo hapo.

Kwa hiyo naandika faili ya majibu. Mashine inauliza, faili inajibu, mtu hayupo. Kazi iko kwenye diski: futa yote, kata vipande vitatu. Kimoja cha mfumo, kidogo cha kusaidia kumbukumbu, kilichobaki cha kazi za wanafunzi.

Nimejaribu mara nne. Mara nne imesimama katikati: una hakika unataka kufuta? Lakini si nimeshakuandikia!

Nimerudi Buyenzi kwa miguu. Mafuta hakuna, mabasi hakuna. Miguu inauma, kichwa hakitulii.

Jumanne, 4 Novemba

Imekubali! Ulikuwa mstari mmoja tu wa kuthibitisha, niliusahau. Niliiwasha nikakalia mikono yangu nisiguse kitu. Dakika kumi na nane. Imejifuta, imejigawa, imejizima. Nimepiga makofi peke yangu.

Mama Mathilde akachungulia kuona kuna nini. Yeye ana kile chumba cha mwisho. Mkongomani wa Uvira, alivuka mto Rusizi na wenzake kukimbia vita mwanzoni mwa mwaka, na kituo kikampa meza na mashine ya zamani. Watu waliopotezana na watoto wao njiani humletea picha. Anaziingiza kwenye mashine, na jina la faili ndilo jina la mtoto, la mama, la kijiji, na namba ya simu. Zimefika mia tatu na kitu. Wanaozunguka makambini kutafuta watoto huja kuzichukua kwake.

Ameniuliza kama na yake nitaitengeneza, inachelewa sana.

"Ila vitu vyangu viko ku diski ya pili, ile kubwa. Usiiguse, Soumaya mwanangu."

"Apana, mama. Mi nagusa ya kwanza tu."

Jumatano, 5 Novemba

Kumi na tisa tayari. Napanga sita sita, nawasha, naondoka. Lakini siwezi kukaa! Naenda, narudi, nachungulia, naenda tena. Aloys anasema natembea kama kuku anayetafuta pa kutagia. Kila kitu kinaenda vizuri, basi nahangaikia nini?

Alhamisi, 6 Novemba

Sijui nianzie wapi.

Saa nne asubuhi nilichomeka flashi yenye faili yangu kwenye mashine ya Mama Mathilde. Nikawasha. Nikaenda chumba kingine kukagua nyaya. Haihitaji mtu wa kuiangalia — nimejisifu hivyo wiki nzima.

Niliporudi, imemaliza. Nikaangalia ukubwa wa kile kipande cha tatu. Kikubwa mno. Kikubwa kuliko diski ndogo nzima.

Ilihesabu diski kubwa kuwa ya kwanza. Faili yangu ilisema "ya kwanza". Haikuniuliza kama nina hakika. Mimi ndiye niliyeikataza kuuliza.

Waya mmoja! Ningechomoa waya wa diski kubwa kabla ya kuwasha, sekunde mbili. Au ningeandika namba ya diski yenyewe badala ya "ya kwanza". Najua hivyo. Nimewafundisha wengine hivyo. Na sikumuuliza hata kama ana nakala.

Mama Mathilde alikuwa Kamenge, amempeleka mgonjwa hospitalini. Nilimwambia Aloys. Akafunga mlango. Akasema tumwambie diski imekufa. Ilikuwa kuukuu, diski zinakufa kila siku, nani atajua?

Nikamjibu nitafikiri. Wallahi, hivyo ndivyo nilivyojibu. Nitafikiri!

Ijumaa, 7 Novemba

Asubuhi nilimkwepa Mama Mathilde. Alinisalimu kwenye korido, nikajifanya niko na simu. Adhuhuri msikitini sikusikia hata neno moja la hotuba. Nikatoka, nikaenda moja kwa moja hadi chumbani kwake kabla miguu haijabadili nia.

"Mama Mathilde, mashine yako. Ni miye, mi njo nimefuta picha."

"Picha gani?"

"Zote. Faili yangu ilichukua ile diski kubwa."

Alikaa. Akatazama mashine, si mimi. Akauliza kama zinaweza kurudi. Nikamweleza: kugawa diski upya hakufuti kila kitu, vingi bado vimo ndani mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake. Lakini mfumo mpya umeshaandikwa juu ya sehemu fulani, na sijui ni ipi.

"Nakala iko?" nikamuuliza.

"Apana."

"Na daftari?"

"Niliacha kuandika mu daftari. We mwenyewe uliniambia karatasi inaloa."

Kweli. Mwezi wa tatu, mvua ilipoingia chumbani mwake. Nilimwambia hivyo nikicheka.

Hakunitukana. Bora angenitukana. Alisema tu kuna wengine walivuka na picha kwenye simu za kuazima, hawana nyingine. Kisha akaniomba nimwache kidogo.

Jumamosi, 8 Novemba

Nimeazima diski tupu kwa Khaled, mtoto wa baba mkubwa. Kwanza nimenakili diski nzima kama ilivyo, kila kipande, bila kuandika chochote juu yake. Umeme umekatika mara mbili. Mara mbili nimeanza upya. Mama Mathilde amekaa nyuma yangu, rozari mkononi. Nami midomo yangu ikienda chini chini, nikimwita Mungu, Ya Latifu, Ya Latifu.

Saa tisa mchana — picha! Mtoto wa kike, amevaa sweta ya bluu. Mama Mathilde akapiga kelele, "Yesu!" nami nikasema Alhamdulillah, tukashikana mikono kama wendawazimu. Halafu nyingine. Halafu kumi kwa mpigo.

Hadi jioni mia mbili sitini na moja. Hapo ndipo nilipoangalia majina ya faili.

f0184320. f0184912. f0185608.

Programu inaitambua picha yenyewe. Jina huwa limeandikwa mahali pengine kwenye diski, na mahali hapo ndipo mfumo wangu ulipokaa.

Nyuso mia mbili sitini na moja. Hakuna jina hata moja.

Jumatatu, 10 Novemba

Wanafunzi wameanza. Mashine zote ishirini na nne zimewaka, safi, hakuna hata moja iliyogoma. Aloys amenisifu mbele ya watu. Niliinamisha kichwa, wakadhani ni adabu.

Mama Mathilde anataja majina, mimi naandika. Anasogeza uso karibu na kioo. "Huyu ni wa Kiliba, mama yake alikuja na mvua." "Huyu baba yake alilia, mi nikalia." "Huyu… ngoja. Huyu ngoja." Tumepata mia moja arobaini na nane. Kila aliyemshinda, niliiweka picha yake kando. Na sasa tunaandika kwenye mashine na kwenye daftari pia, vyote viwili.

Kwa waliobaki ametuma habari makanisani na sokoni: njooni muangalie.

Jumanne, 11 Novemba

Wamekuja tangu asubuhi. Korido nzima. Naandika hapa hapa, kwenye kona ya meza. Programu inapekua tena nakala ya diski kwa njia nyingine, ya polepole, labda itaokota majina. Asilimia kumi na mbili. Lazima mikono ishike kitu.

Picha namba mia mbili na tatu imepona nusu. Paji la uso, macho mawili, ukingo wa kofia nyeupe. Kuanzia puani kushuka chini ni kijivu tupu.

Lisette, anayefua nguo za watu Kigobe, aliinama mara moja tu.

"Njo yeye, Elysée wangu."

Nikaanza kuandika E. Mwanamke aliyekuwa nyuma yake, Mama Prodige wanamwita, akasogea.

"Apana, dada. Huyu ni Prodige. Angalia macho."

"Mi nimezaa huyu mutoto, sitajua macho yake?"

"Na miye?"

Kofia je, nikauliza. Ya kliniki, amesema Lisette, walipewa watoto wote siku ya chanjo. Mwenzake akakubali kwa kichwa, ni kweli. Kila mmoja alileta picha moja. Ya Lisette ilikuwa kwenye simu, simu ikaibiwa. Ya Mama Prodige ilikuwa karatasi, ikaozea kambini. Iliyorudi ni moja. Nimepekua zote mara tatu, nyingine haimo.

Mama Mathilde ametazama muda mrefu. Akatikisa kichwa. Akanigeukia.

"Soumaya, jina lilikuwa juu yake. Mashine haiwezi kukumbuka?"

Nikatazama programu. Asilimia kumi na tatu.

Lisette ameweka kidole kwenye kioo, chini ya jicho la kushoto. Mama Prodige naye amenyoosha mkono, ameuweka juu ya mkono wa Lisette — sijui kama anauondoa au anaushika.