Wazee Waende Ijumaa

Saint Paul, Minnesota
Jumatatu, 9 Februari 2026

Mpendwa Baba Mkubwa Byamungu,

Salamu nyingi kutoka kwetu. Goti lako linaendeleaje? Mama Mkubwa bado anakohoa usiku? Sisi ni wazima, ila baridi imetukalia. Leo asubuhi mlango wa gari langu uligoma kufunguka kwa barafu. Habari za Bukavu tunazisikia. Usinijibu juu ya hizo kwa simu, maana simu zina masikio. Nijibu ya afya tu.

Natuma barua hii kwa picha kwenye simu ya Janvier, akusomee yote bila kuruka. Kwa simu tungekatizana, na jambo hili linataka mpangilio. Linamhusu dada yangu Goretti.

Unajua kwamba mashine ya kupasha joto nyumba yake kule Oakdale iliharibika kabla ya Krismasi. Alimwambia meneja wa kampuni yenye nyumba, akaambiwa asubiri. Watoto wakawa wanalala na makoti. Mwishowe alimwita mkaguzi wa mji, naye akaja, akapima, akaiamuru kampuni itengeneze. Ikatengeneza. Kisha ikampeleka Goretti mahakamani, ikitaka atoke na watoto wote watatu. Kodi hadaiwi. Kosa lake jingine silijui, na nimeuliza.

Alipokupigia akilia, ulimwambia asikanyage mahakamani. Mtu wa heshima hashindani na mwenye nyumba mbele ya hakimu, atume wazee wa kanisa wakatafute amani. Naelewa. Nilikuwepo ulipomaliza ule ugomvi wa shamba kule Walungu kwa mtungi wa pombe ya ndizi, kasiksi, na mpaka haujasogea hadi leo. Lakini huku mambo hayaendi hivyo, na nimeona yanavyokwenda.

Mwaka jana nilikuwa ndani ya mahakama kwa kazi yangu ya uandishi wa habari. Karani akaita jina la Twagirayezu, baba mmoja wa kanisa letu aliyekuwa akikaa Blaine. Akaita tena. Hakuna aliyesimama. Hakimu hakukasirika wala hakuuliza. Wakili wa kampuni yenye nyumba alisema sentensi moja, hukumu ikatoka, likaitwa jina lingine. Wakati huohuo Twagirayezu alikuwa ofisini kwa meneja pamoja na mchungaji na wazee wawili, wamebeba kuku wa kukaanga. Meneja alikula. Akasifu pilipili. Akawapa wote mkono na kuwaambia kwamba wataelewana.

Afisa wa sherifu alifika kuwatoa nyumbani theluji ikianguka. Leo mke na watoto wamehifadhiwa na watu huko Bloomington, na Twagirayezu analala kwa rafiki. Kila nyumba anayoomba anakataliwa, kwa sababu jina lake limo katika kumbukumbu za mahakama, na wenye nyumba huangalia huko kwanza.

Kwa hiyo nilimpeleka Goretti kwa Nkatha, wakili Mkenya anayefanya kazi katika ofisi ya mawakili wa bure hapa Saint Paul. Bure ni bure, nilihakikisha. Akamweleza kwamba mahakama hii si polisi, na kuitwa huko si kushikwa kwa uhalifu. Mkalimani hutolewa bila malipo. Meneja hana ruhusa ya kubadili kufuli au kutupa vitu vya mpangaji nje kwa amri yake mwenyewe. Na sheria ya jimbo inamlinda mpangaji anayefukuzwa kwa sababu alilalamikia ubovu wa nyumba.

“Sasa kama sheria iko na mimi, niende kufanya nini?” Goretti akauliza.

“Sheria haina miguu, mama,” Nkatha akamjibu. “Usipokuja, hakimu hataona mkaguzi, hataona makoti. Ataona kiti kitupu.”

“Baba Mkubwa amesema nisiende.”

“Basi Baba Mkubwa aje akikalie hicho kiti.”

Goretti alicheka, mara ya kwanza siku hiyo. Lakini ndani ya gari aliniambia, “Kaka, wewe uko mkubwa wangu, lakini siwezi pita juu ya neno la mzee.”

Sasa sikiliza, Baba. Kesi ni Alhamisi hii, saa tatu asubuhi. Jana baada ya ibada mchungaji aliniambia kwamba meneja amekubali kuwapokea wazee. Nikamuuliza lini. Akajibu kwa furaha: Alhamisi, saa tatu asubuhi.

Kampuni ni ileile. Meneja ni yuleyule. Nikamkumbusha mchungaji habari za Twagirayezu.

“Ah, yule hakuwa na neno la mzee wa ukoo,” akasema. “Goretti analo.”

Sina ushahidi kwamba meneja amepanga iwe hivyo, na sisemi nisichokijua. Nakuandikia saa tu.

Ninachokuomba ni kimoja. Mpigie Goretti kabla ya Alhamisi umwambie aende mahakamani. Akiambiwa na mimi haitoshi, akiambiwa na wakili haitoshi. Nkatha atakuwa mlangoni akimngoja. Na kama bado unataka wazee waende kwa meneja, waende Ijumaa. Nitawapeleka mwenyewe kwa gari langu.

Nisalimie Mama Mkubwa, Janvier na mke wake, na shangazi Mapendo akishuka kutoka Walungu. Mungu aulinde mlango wenu huko, kama tunavyomwomba aulinde wa Goretti huku.

Mwanao akupendaye, anayesubiri simu yako ilie kwa dada yake,

Murhula

N.B. Nimepita kwa Goretti kabla ya kutuma. Kuku wamo ndani ya friji, wameungwa tayari, na pilipili ameshaisaga.