Maneno Niliyosema Nyuma ya Kaunta

Jumatatu, 4 Machi

Tumefungua duka nusu. Shata ya mlango imeishia kifuani, wateja wanainama kuingia. Nimeuza kalamu na karatasi za manila, basi. Mume wangu, Baba Mapacha, yuko nje kwa dhamana. Amekaa nyuma, anapanga madaftari yaliyokwisha kupangwa.

Watu wanapita wanampungia. "Kamanda, upo?" Jina hilo limeanzishwa na jirani yetu muuza viatu. Anasema kama si Kamanda, mtaa mzima ungekuwa unaibiwa mchana kweupe. Mume wangu anatabasamu kidogo, anarudi kwenye madaftari.

Niandike nipumue. Siku ile yule mtu aliingia dukani jua likiwa bado kali. Akauliza bei ya rula. Kisha akachomoa bastola kiunoni. "Fungueni droo, la sivyo napiga." Mimi nilikuwa karibu naye zaidi. Nikaiona vizuri — mshono wa plastiki kwenye mpini, ncha nyekundu iliyopakwa wino wa maka peni ili iwe nyeusi. Tunaziuza sisi. Zinaning'inia pale mlangoni pamoja na mipira.

Nikasema, "Baba Mapacha, hiyo ni ya watoto."

Alikuwa na kile chuma cha kuvutia shata. Akampiga kichwani. Pigo moja tu. Yule mtu alifia hospitali.

Polisi waliniuliza niliona nini. Niliwaambia: bastola, vitisho, chuma. Yote kweli. Hakuna aliyeniuliza nilisema nini.

Feni ilikuwa inapiga kelele. Huenda hakusikia.

Alhamisi, 7 Machi

Kwa wakili. Mama mmoja mwenye miwani mikubwa, hana maneno ya kubembeleza. Baba Mapacha aliambiwa asubiri nje.

Nilimuuliza: lakini mtu akivamiwa dukani kwake, si ana haki ya kujitetea?

Anayo, akasema, ila ina mipaka. Sheria haiishii kuuliza kama bastola ilikuwa ya kweli. Inauliza mume wangu aliamini nini sekunde ile, na kama mtu mwingine mwenye akili timamu angeamini hivyo hivyo. Aliyeamini anapigwa risasi anaweza kutumia chuma. Aliyejua kwamba anatishwa na plastiki, huyo hakuwa anaokoa maisha ya mtu. Hapo inakuwa kuua bila kukusudia, na kifungo chake si cha mchezo.

Mwendesha mashtaka hawezi kunilazimisha kutoa ushahidi dhidi ya mume wangu. Nikashusha pumzi. Mapema mno.

"Lakini sisi tunakuhitaji," akasema. "Bila wewe, nani mwingine ataeleza jinsi mlivyotishwa? Na ukishapanda kizimbani kwa upande wetu, mwendesha mashtaka naye ana haki ya kukuuliza lolote."

Nisipopanda, nimemwacha peke yake. Nikipanda, nimefungua mlango wa pande zote mbili.

"Kuna jambo hujaniambia?"

Nikasema hakuna. Aliniangalia kidogo, akafunga faili.

Jumamosi, 9 Machi

Mwanamke aliinama chini ya shata, nikadhani mteja. Ni dada wa marehemu.

"Sikuja kugombana, dada yangu," akasema. "Nataka kujua tu. Kuna kitu alisema, pale chini?"

Nikamwambia aliomba maji. Ni kweli, aliomba. Sikusema kwamba niliogopa kumsogelea nayo.

Akashukuru. Akashukuru! Wakati anatoka alisimama mlangoni akaangalia pale zinaponing'inia zile bastola. Sijui kwa nini hatujaziondoa. Akainama chini ya shata, akaenda zake.

Baba Mapacha alikuwa nyuma muda wote, na madaftari yake.

Jumapili, 10 Machi

Mama mkwe amekuja kutuombea. Baada ya chakula akanishika mkono. "Mwanangu, wewe sema ulivyoona. Usitie chumvi, usipunguze." Ananiamini. Natamani angenifokea.

Jumanne, 12 Machi

Kesho ndiyo kesi. Mapacha tumewapeleka kwa bibi yao.

Nilikuwa napiga pasi shati lake jeupe. Yeye kakaa ukingoni mwa kitanda, anaangalia sakafu. Akasema taratibu, kama mtu anayezungumzia hali ya hewa:

"Siku ile ulisema kama unanong'ona. Ungepaza sauti."

Sijamwambia mtu yeyote. Si polisi, si wakili, si mama mkwe. Yeye mwenyewe sijawahi kumwambia.

Niliendelea na kola. Nilishaipiga pasi, nikaipiga tena.

"Kwa hiyo ulisikia."

"Mkono ulikuwa umeshaondoka, Mama Mapacha. Nilisikia mkono ukiwa hewani."

Inawezekana. Nimekaa hapa jikoni tangu wakati ule najaribu kuupanga mfuatano. Maneno yangu, kisha mkono? Mkono, kisha maneno? Kila nikirudia nafika palepale — nilisema, na yeye akageuza macho akanitazama. Alinitazama. Halafu ndiyo chuma kikashuka. Au nimeanza kujitungia?

Nimekaa na huyu mtu miaka yote. Simjui kuwa mkorofi. Hata mapacha hajawahi kuwachapa. Lakini tulishaibiwa mara mbili kabla, na polisi waliandika tu wakaondoka. Hasira yake nilijua ilikolala.

Sijamwambia nitasema nini. Hajaniuliza.

Jumatano, 13 Machi

Naandika kwenye benchi la mahakama, korido.

Asubuhi ilienda vizuri. Wakili aliniongoza taratibu, nikaeleza vitisho, nikaeleza hofu. Sikudanganya hata neno. Kisha akasimama mwendesha mashtaka. Mpole, sauti kama ya mwalimu wa chekechea. Ndiyo maana nimeogopa.

"Dukani kwenu mnauza bastola za kuchezea?"

Ndiyo.

"Nani huzitundika?"

Mume wangu.

"Wewe ulikuwa karibu na marehemu. Uliitambua?"

Nikasema ndiyo. Watu wakaguna nyuma yangu.

"Sasa, mama, kabla ya mumeo kupiga — wewe ulisema lolote?"

Umeme ukakatika. Mashine ya kurekodi ikazima. Hakimu akasema tutoke, tutaendelea ukirudi, na mimi, kwa kuwa bado niko kwenye kiapo, nisizungumze na mtu. Wakili amenipita bila salamu. Dada wa marehemu yuko mwisho wa benchi hili hili. Baba Mapacha kasimama ng'ambo ya korido na shati lake jeupe, hatua chache tu, na hatuwezi kusemezana.

Taa zimewaka. Karani kafungua mlango, ananiita. Namalizia nimesimama. Baba Mapacha haniangalii machoni. Anaangalia mdomo wangu.