Nyumba ya Bluu Haipangishwi

Nuuk, Greenland, 6 Januari

Mjomba Gedion,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute mzima, wewe na mbwa wako wote kumi na mmoja. Huku hatujambo. Mama anakusalimu, mgongo wake umetulia. Mtoto ametimiza miezi mitatu na mashavu yameanza kumfunika masikio. Baba yake yuko kwenye meli ya kuvua kamba mpaka Aprili.

Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu simu yako inaita mpaka inachoka. Nimepata likizo katikati ya Machi na tiketi nimeshakata, mimi na mtoto: ndege mpaka pwani ya mashariki, halafu helikopta ya kuja huko Naajarsuit. Siku kumi. Kilichobaki ni mahali pa kulala, na mimi nataka kulala kwako, kwenye nyumba ya bluu.

Sababu nakupa bila kuzunguka. Mkeo alipofariki Aprili iliyopita mimi nilikuwa na tumbo changa, daktari akanizuia, sikuja kuzika. Mtoto kanisani ameandikwa Karla, lakini jina lake la ndani, la kumrithi mtu, bado hana. Nataka apewe la mkaza mjomba, mle ndani alimoishi, na umpe wewe kwa mdomo wako. Najua kwetu mashariki jina la marehemu halitamkwi mpaka mtoto alipokee, na akilipokea ni marehemu mwenyewe amerudi, kwa hiyo na mimi hapa siliandiki.

Niambie kama nafasi ipo.

Mpwa wako,
Bibiane


Naajarsuit, 17 Januari

Mwanangu Bibiane,

Marahaba. Mimi ni mzima kiasi cha kuonewa wivu. Mbwa wazima, barafu nzima, hata Ferdinand wa dukani ni mzima, ingawa hajafanya lolote la kustahili uzima huo. Mama yako mwambie mgongo wake ungepona kabisa angekula mafuta ya sili badala ya vidonge.

Simu yangu ilizama kwenye tundu la barafu nikipigana na sili mkubwa kuliko boti ya Ferdinand. Nadhani ndiye anayezisikia simu zako, ila hana adabu ya kusema haloo.

Usinicheke mwandiko. Shule niliacha darasa la tano, mwalimu alikuwa hana jipya la kunifundisha. Na barua zote ulizopata zamani kutoka huku, mimi nilikuwa nasema tu, mwenzangu anaandika na kupunguza. Sasa hakuna wa kupunguza, utanivumilia.

Habari ya kulala niachie mimi. Hakuna mtu pwani hii yote anayejua malazi kama mjomba wako. Nimeshalala chini ya sleji ya mbwa iliyopinduka siku tano, nikaamka nimenenepa. Basi sikiliza. Kwanza kuna chumba cha Ferdinand juu ya duka. Joto la duka linapanda lenyewe mpaka kitandani. Alikuja Mdenmark mmoja wa kupima barafu, akalala pale, akakataa kuondoka, ikabidi tumfunge kwenye sleji kama mzigo ndipo tumfikishe kwenye helikopta. Pili kuna chumba cha wageni pale shuleni, kwa katekista Ane-Kirstine. Maji yanatoka ukutani, huna haja ya kwenda na ndoo kwenye kibanda cha maji kama sisi wengine.

Nyumba ya bluu haifai. Kuna dubu. Aliingia Novemba, akajifungia, na sasa amezoea. Nikigonga ananiangalia dirishani kama mimi ndiye mgeni. Siwezi kukuweka na dubu.

Ile habari nyingine, ya majina, tutaizungumza.

Mjomba wako,
Gedion


Nuuk, 26 Januari

Mjomba,

Shikamoo. Tumefurahi kusikia u mzima. Barua yako nimemsomea Mama, amecheka mpaka akashika mgongo. Mtoto amepata mafua kidogo lakini ananyonya vizuri.

Nimefikiria malazi yako. Kwa Ferdinand ngazi iko nje, naikumbuka, inashika barafu kuanzia Oktoba. Siwezi kuipanda na mtoto kifuani. Shuleni kuna watoto tisa na wote mwezi huu wanakohoa. Hilo kaniambia Ane-Kirstine mwenyewe, maana nilimpigia kuuliza chumba.

Kaniambia na mengine, Mjomba, na sikumchimba. Kasema tangu Juni unalala kwenye banda la nyama, na jiko dogo la mafuta ya taa miguuni, katikati ya sili waliochunwa. Kasema nyumba ya bluu haijawashwa moto tangu hapo, mapazia yamefungwa, na ukipita pale unaangalia upande wa bahari. Hakutaja dubu.

Sikuulizi ili nikuaibishe. Nauliza kwa sababu nina tiketi mkononi na mtoto asiye na jina. Unaniruhusu nilale pale, au hapana?

Mpwa wako anayekupenda,
Bibiane


Naajarsuit, 4 Februari

Mwanangu Bibiane,

Marahaba. Mafua ya mtoto mpake mafuta kwenye nyayo, umvike soksi. Mimi ni mzima.

Ane-Kirstine anafundisha watoto amri za Mungu siku nzima, jioni ulimi wake unataka kupumzika. Banda la nyama sijakimbilia, nimelichagua. Lina upana wa kunitosha na harufu ya kunikumbusha kwamba mimi ni mwindaji. Wiki jana ulishuka upepo mkubwa wa kutoka kwenye barafu ya bara, wenyewe huku wanasema haujapata kuonekana kama huo. Ukachukua boti mbili na choo cha Ferdinand. Banda langu uliliinua kimo cha mtu, ukanizungusha nione kijiji chote, ukanirudisha palepale, na kahawa haikumwagika. Niambie hoteli gani ya Nuuk inaweza hayo.

Dubu amekufa. Sawa, hakuwepo.

Sasa nikujibu kama ulivyouliza. Nyumba ya bluu haipangishwi, haiazimwi, hailaliwi. Chukua chumba cha Ferdinand. Ngazi nitaipasua barafu mwenyewe kila asubuhi, na kamba ya kushikia nimeshamfungia.

Na lile jina usimpe. Mpe la mama yangu mzazi, ni jina zuri na limepumzika vya kutosha. Hilo lingine bado ninalo. Likishapanda helikopta likaenda Nuuk, huku mimi nabaki na nini?

Hayo usimsomee mama yako.

Mjomba wako,
Gedion


Nuuk, 12 Februari

Mjomba,

Shikamoo. Sisi wazima, mafuta ya nyayo yamefanya kazi. Sikumsomea Mama.

Nimefanya ulivyotaka. Nimempigia Ferdinand, chumba nimeshika, siku kumi. Ana furaha kama aliyeua nyangumi.

Kuhusu jina sitakulazimisha, na bila wewe sitampa. Nitakuja, utamshika, tutakunywa kahawa dukani, atarudi Nuuk akiwa Karla tu, na akizeeka atakuwa Karla tu. Ila naomba ujue tulivyopishana. Wewe unaona nakuja kuliondoa. Mimi nilikuwa namrudisha mwenye jina nyumbani.

Mpwa wako,
Bibiane


Naajarsuit, 1 Machi

Mwanangu Bibiane,

Najua siku zimepita. Helikopta imekuja mara mbili ikaondoka bila barua yangu, na Ferdinand aliniona nasimama mlangoni kwake nimeshika bahasha tupu. Ninyi hamjambo? Mtoto? Mimi mzima, ila mkono wa kushoto umeungua kidogo na sikio moja limejaa maji. Soma utaona.

Barua yako niliiweka kwenye buti nikaenda kukagua chumba chako, kwa sababu mjomba wako halazi damu yake mahali asipopajua. Nikachukua ngozi ya sili, nikaikunja saizi ya mtoto wa miezi mitano, nikaiweka kitandani kwa Ferdinand, nikalala pembeni yake na mshumaa unaowaka, kuangalia upepo. Moto wa mshumaa ukalala upande wa dirisha. Nikahamia kona ya pili. Ukalala. Ya tatu, ukazimika kabisa. Yule Mdenmark kumbe hakukataa kuondoka, alikuwa ameganda.

Nikabeba furushi langu mpaka shuleni. Pale upepo hakuna, lakini bomba linagonga ukutani kama mtu anadai kitu, mtoto hawezi kulala. Nikaenda kwa mjane wa Kaspar, nikaenda hata kwenye chumba cha wauguzi. Siku nne natembea na ngozi kifuani. Kila nilipowasha mshumaa nikawa nasema, hapana, mbichi hapa, hapana, juu sana, siyo kama ile kona ya kwetu nyuma ya jiko, ambapo hata upepo mkubwa haujapata kutikisa moto. Hata sikujua kama nasema kwa sauti.

Ferdinand ndiye aliyenisikia. Akanikuta kwa mara ya tatu nimelala kwenye kitanda chake na viatu, nimelikumbatia lile furushi. Nikangoja anicheke, maana mimi ningemcheka mwaka mzima.

Akasema, "Mzee, unakagua chumba au unatafuta sababu?"

Nikamwambia kitanda chake ni kama jeneza la mvuvi. Nikatoka. Nikaenda nyumba ya bluu.

Mlango ulikuwa umegandia, nikautoa kwa shoka. Ndani kuta zote nyeupe, dari nyeupe, vikombe vyeupe, kama nyumba imeota manyoya. Hapo, mwanangu, nikafanya kosa ambalo hapa hata mtoto wa darasa la kwanza halifanyi. Nyumba iliyoganda inaamshwa polepole, moto mdogo siku tatu, tundu la hewa wazi. Mimi nilikuwa na haraka. Nikajaza jiko mafuta, nikalifungulia mpaka mwisho, nikajikalia kitini kama gavana.

Baada ya saa moja ikaanza kunyesha. Usicheke. Mvua, mwezi wa pili, Greenland, ndani ya nyumba. Barafu ya miezi tisa ilishuka yote kwa pamoja kutoka darini. Nimeonana na nyangumi ana kwa ana, nimewahi kumkemea dubu akaomba radhi, lakini sijapata kunyeshewa namna ile. Maji yakaingia kwenye jiko, likatema moto, nikaunguza mkono, vitanda vinalowa, picha zinaanguka, na mimi nazunguka na sufuria kichwani natafuta kitambaa cha kuzibia tundu la hewa lililokuwa linamwaga maji, maana kila mwaka kilikuwa na mahali pake na mahali pake sikuwahi kupajua.

Nikaita. Kama nilivyozoea miaka ishirini na sita, kwa sauti yangu yote, mlango ukiwa wazi.

"Thora, kile kitambaa umekiweka wapi?"

Halafu nikasikia nilichosema. Na Ane-Kirstine alikuwa amesimama mlangoni na ndoo na matambara, alikuwa ameona mvuke unatoka madirishani akadhani naungua. Alisikia. Akaweka ndoo chini, akasema, "Gedion, umeita. Sasa itabidi mtu aitike."

Ndivyo ilivyo. Jina limetoka nje bila kukabidhiwa mtu. Nimeliita kwa mdomo wangu, kijiji kizima kimesikia kwa sababu sauti yangu inafahamika, na halina mwenyewe wa kuitika. Haliwezi kukaa hewani hivyo, baridi hii. Nililiweka miezi yote nikidhani nikilifunga mdomoni ndiyo nimelitunza.

Mwambie Ferdinand chumba hukitaki. Nyumba inakauka. Moto mdogo, tundu wazi, siku tatu, kama watu wenye akili.

Mlete.

Mjomba wako,
Gedion


Nuuk, 7 Machi

Mjomba,

Shikamoo, na pole ya mkono. Paka mafuta yako yale yale. Sikio lala nalo upande wa chini.

Hii nimemsomea Mama yote. Hakucheka. Alikwenda jikoni akapasha kahawa ambayo tayari ilikuwa ya moto.

Ferdinand nimempigia. Kabla sijamaliza sentensi akasema anajua, na kwamba shuka alikuwa hajabadilisha. Ane-Kirstine anasema amekuta kitambaa, kilikuwa ndani ya birika kubwa.

Tunaondoka Nuuk tarehe kumi na nne. Hali ya hewa ikikubali, kumi na tano saa sita mchana tuko juu ya kijiji. Niambie nilete nini. Mtoto ameanza kugeuka mwenyewe, na akisikia sauti kubwa hashtuki, anaitafuta.

Mpwa wako,
Bibiane


Naajarsuit, 12 Machi

Mwanangu Bibiane,

Marahaba. Tuko salama, nyumba imekauka, harufu ya unyevu imebaki kwenye zulia tu. Barua hii nampa rubani, utaipokea mkiwa uwanjani mnasubiri. Lete kahawa, machungwa, na soda moja kwa ajili ya Ane-Kirstine, kafua mapazia yote akisimulia kila mpitaji kuhusu sufuria kichwani. Sasa geuza mtoto akuangalie, haya yaliyobaki ni yake, msomee taratibu.

Wewe mwenye nyumba,

Natumaini umesafiri vizuri na maziwa hayakukosekana. Mimi ni mwindaji bora wa pwani hii, muulize yeyote isipokuwa Ferdinand. Nimesikia unakuja kwako. Kona ya nyuma ya jiko nimeipima kwa mshumaa mara sita, moto unasimama wima kama askari. Hapo ni pako, palikuwa pako siku zote. Mama yako atalala kitanda cha dirishani, ni kijana, anavumilia.

Limebaki ombi langu. Virago vyangu nimevitoa bandani, lakini sijaviingiza ndani. Viko kwenye kijumba cha mlangoni tunapovulia viatu, mimi mwenyewe nalala hapo tangu juzi, kichwa upande wa ndani, miguu upande wa nje, maana nyumba ya mtu haiingiliwi bila kukaribishwa. Siku kumi zikiisha utarudi Nuuk na jina lako, sawa, ni lako, utembee nalo. Ila nyumba itabaki na moto unataka mtu wa kuutazama. Naomba mimi ndiye nikae. Sikoromi sana. Kitambaa cha tundu la hewa sasa najua kinakaa wapi.

Usinijibu kwa barua. Jumamosi nitakuwa pale helikopta inapotua, mtu mkubwa kuliko wote. Nitakuita mara moja tu, kwa sauti ndogo, usije ukashtuka. Ukigeuka, nitajua nimekubaliwa, nitakwenda kuingiza virago.

Mumeo,
Gedion