Neno la Ukurasa wa Arobaini na Moja

Chumba cha tatu,
Nyuma ya kiwanda cha uchapaji.
Jumapili, tarehe tisa.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Natumai barua hii itakukuta mzima, na goti limeacha kukusumbua kila ukiinuka. Sisi hatujambo, ila uchovu. Mtoto ametoa meno mawili kwa mpigo. Wiki nzima yeye analia, mimi nasinzia nimesimama kama punda. Homa imeshuka sasa. Ameanza kukaa mwenyewe, na akianguka anacheka.

Nina jambo la kukuuliza, usinikasirikie.

Kazini tumechapa kijitabu cha maneno ya yule Mzee aliyeongoza nchi wakati wa vita. Kila ukurasa neno moja. Yamo ya kuchekesha, kama siku aliyoulizwa na mwandishi wa habari kama haogopi mabomu, akajibu, "Naogopa sana, ila bado sijapata nafasi." Mimi kazi yangu kukunja karatasi na kushona vitabu. Hapo nilicheka peke yangu.

Sasa, maneno yaliyoletwa yakapungua moja, ukurasa wa arobaini na moja ukabaki mtupu. Mpangaji wetu wa kurasa, tunamwita Miwani, akanipigia kelele: "Mama Meno! Si unajidai umelelewa na redio? Nipe neno la Mzee, mashine inasubiri!" Nikasema bila kuwaza: "Aliyechoka aketi, ila asivue viatu." Akalipanga. Vikatoka vitabu mia nane.

Jumatano akaja karani wa zamani wa Mzee, babu wa mkongojo, na daftari lake. Alipofika ukurasa ule akasimama. "Hili hakulisema. Kila alichotamka nilikiandika mimi."

Msimamizi akauliza nani kalileta. Miwani akatazama viatu vyake. Nikainua mkono.

"Wewe! Kitabu cha taifa unakitia maneno ya jikoni? Kusanya vitu vyako!"

Shangazi, baba mtoto bado anatafuta kazi, na hii yangu ndiyo maziwa ya mtoto. Nikajitetea kuwa neno hilo nililisikia wakati wa vita, utotoni. Karani akaniuliza, "Ulilisikia redioni, kwa masikio yako?"

Hapo ndipo nilipokumbuka. Redio uliisikiliza wewe peke yako, umeibana sikioni, sauti chini ili betri zidumu. Ukiizima unatugeukia: "Mzee amesema mtoto asiyemaliza chakula anamfurahisha adui. Mzee amesema anayenawa miguu ndiye atakayekuwa jemadari." Na siku tuliyoukimbia mji, miguu imevimba, betri zimekufa siku nyingi, ukatuambia Mzee amesema aliyechoka aketi, ila asivue viatu. Tukaketi. Tukainuka tena.

Nikamweleza yote, machozi yananitoka. Karani akamwambia msimamizi, "Usimfukuze. Aitoe karatasi hiyo, abandike nyingine, vitabu vyote." Halafu akachukua kitabu kimoja, akakitia mfukoni kabla sijakigusa. "Hiki niachieni hivi hivi. Muda wote wa vita tulitafuta neno la kuwaambia waliochoka, hatukulipata."

Basi tangu siku hiyo nakata na kubandika. Nimefika mia tano na kumi. Vidole vimejaa gundi, hata barua hii imeninasa mara mbili.

Sasa niambie kweli, Shangazi: ni mangapi mengine yalikuwa yako? Nauliza kwa sababu namlea mtoto kwa hayo hayo. Jana nimemwambia Mzee amesema meno hayaumi milele. Akanyamaza kidogo, akanitazama.

Nisalimie mumeo fundi saa, na binamu yangu Kisirani, mwambie simsahau hata akininunia. Mungu akutunze mpaka mtoto huyu apate miguu ya kuja kwako mwenyewe.

Vimebaki mia mbili themanini na tisa. Nimeketi kukuandikia, lakini viatu sijavua.

Mtoto wa kaka yako, akupendaye kuliko redio,
Mama Meno