Uvimbe wa Mama na Jiwe la Kijani

Ubelgiji, Jumapili mchana

Tata, baba yangu mpendwa,

Nakuamkia kutoka kwenye baridi hii isiyo na aibu. Mgongo unaendeleaje? Na maji hapo Kapata yamerudi bombani, au bado mnabeba ndoo? Mimi ni mzima, ila udadisi umenizidi, na wewe ndiye uliyeniambukiza.

Unajua kazi yangu maabara ni kulisha seli, vile vipande vidogo kabisa vinavyojenga mwili. Mwezi huu tunachunguza enzime moja inayokaa juu ya ngozi ya seli na kukata nyuzi zinazoizunguka, kama mkasi. Seli changa ya mafuta inauhitaji mkasi huo ili ipate nafasi ya kunenepa. Tulipouzuia, seli zilibaki ndogo, zimebanwa. Nikacheka peke yangu: kumbe hata unene una kazi! Halafu mkubwa wangu akanionyesha seli za saratani. Mkasi ni uleule, nazo zinautumia kujikatia njia ya kwenda kuharibu kwingine. Tangu siku hiyo siachi kuuwaza.

Kisha jana Mama akapiga simu, akataja uvimbe kwenye titi kama anayetaja bei ya unga. "Mi siko mugonjwa, mwanangu. Bamama ba kwaya bote balishika, banasema ni mafuta tu." Kila jioni wanamkanda kwa mawese ya moto! Nikauliza wewe unasemaje. "Tata yako naye alishika. Anasema ni mafuta."

Nimekasirika, Tata, na nimeogopa. Ndiyo maana naandika. Kwa simu ungempa Mama azungumze. Enzime yangu haiwezi kuniambia uvimbe ule ni nini, lakini hata kidole chako hakiwezi. Si wewe uliyepima mawe kwenye mgodi wa Mashamba miaka yote ile? Wachimbaji walikuletea jiwe la kijani linalong'aa, wakaapa limejaa shaba, nawe ukawajibu, "Libwe haina kinywa. Tupeleke kwanza ku labo." Mara ngapi lilikutwa tupu?

Basi ukiisoma hii, mpeleke Mama hospitali, wachukue kipande kidogo wakipime. Mawese yarudi jikoni, kwenye mboga ya sombe.

Nisalimie dada Mbuyi, muuza mikate wetu, na shangazi Kapinga, kiongozi wa kwaya. Shangazi mwambie nampenda, ila mikono yake aiweke kwenye ngoma.

Kutwa natazama seli za watu nisiowajua. Usiniache nisijue za mama yangu.

Binti yako,
Ngalula