Abaayo, Sikuwahi Kukuona Ukicheza

Abaayo Halima, dada yangu,

Ni mimi, Abdi wako, dereva hodari kuliko wote kutoka Mandera mpaka Garissa. Hilo sikulisema mimi, limesemwa na watu wengi, na baadhi yao hata hawanipendi. Nimekaa kwenye kivuli cha lori na daftari la binti yako magotini. Naandika Kiswahili kwa sababu ndicho nilichofundishwa kuandika kabla sijaacha shule darasa la tano. Lugha yetu ya nyumbani naijua mdomoni tu. Nikijaribu kuiweka kwenye karatasi inanikimbia kama mbuzi aliyeona kisu.

Sheikh ameniambia maiti hasomi barua, maiti anahitaji dua. Dua nakuombea kila swala, Mungu akurehemu. Lakini nina habari za miguu ya binti yako, na nina aibu yangu, na hizo sikuona pa kuziweka ndani ya dua.

Tangu utuache, mvua ile waliyoiita El Nino imekwisha. Mto umerudi mahali pake na barabara ya Wajir inapitika. Siku homa ilipokuchukua, barabara ilikuwa imekatika, nami niko upande wa pili, lori limezama mpaka kwenye taa. Watu wa hapa nimewaambia niliogelea Tana yote nikapigana na mamba wawili, mmoja nikamvunja taya. Wewe nakwambia kweli, abaayo. Nilitembea siku mbili kwenye matope, nikafika umeshazikwa. Hapakuwa na mamba.

Nasra yuko kwangu. Yuko kidato cha pili, amerefuka, shingo amechukua yako na ubishi pia. Mke wangu anasema msichana huyu akisonga ugali mwiko unafuata mapigo. Mimi najua anawaza nini. Uliahidi kumfundisha buranbur, ile ngoma yetu ya wanawake, akimaliza mitihani. Mitihani imekuja na kwenda, wewe hupo.

Sasa sikia. Binti wa kaka yetu mkubwa aliposwa, harusi ikapangwa hapa Garissa. Wanawake wakatuma neno: kwenye duara kuna nafasi ya Halima, na mwenye kuingia hapo ni binti yake, acheze mwendo wa mama yake. Kama hawezi, nafasi atapewa mwingine, na mwendo wenyewe utakuwa umekwenda na mwenyewe. Hawakusema kwa ubaya. Lakini Nasra aliposikia alikuja mbio mpaka gereji, viatu mkononi.

"Abti," akaniambia, na unajua anavyolitamka neno hilo, mjomba, kama mtu anayeomba na kushukuru kwa pamoja, "wewe si ndiye uliyemfundisha mama ule mwendo? Nifundishe."

Mafundi wote walikuwa pale wananitazama.

Abaayo, unajua nilivyokuwa nikisema. Garissa nzima inajua kwamba mimi ndiye niliyekufundisha kucheza, na inajua kwa sababu nimeiambia. Nimeiambia hotelini, mnadani, kwenye kizuizi cha polisi. Niliwahi kumwambia ofisa mmoja kwamba ulipocheza Wajir ngamia mia tatu waliacha kunywa maji wakageuka kutazama. Ningewezaje kugeuka mbele ya mafundi niseme sijui?

Nikamwambia, "Jioni, baada ya Asr. Njoo na daftari."

Siku tatu nilimfundisha. Nilifunga kikoi changu vizuri, nikasimama katikati ya ua, nikabuni. Mguu wa kushoto mbele, bonyeza, achia polepole. Wa kulia ufuate. Tena bonyeza. Mbuzi walikuwa wananitazama na mmoja aliondoka. Nasra aliandika kila kitu, akafanya kila kitu, jasho likimtoka, hakuuliza hata swali moja. Nikaanza kuamini mwenyewe. Wallahi, siku ya tatu nilikuwa nauona mwendo wako.

Siku ya nne wanawake walikutana kwa mazoezi. Nasra akaingia katikati, makofi yakaanza, akacheza nilichompa. Nilisimuliwa baadaye na mke wangu. Kwanza makofi yalilegea. Kisha mmoja akasema, "Yaa Allah, huyu anaendesha lori!" Mwingine akadakia, "Binti wee, hiyo gia ya ngapi?" Wakacheka mpaka mpiga ngoma akaiweka ngoma chini.

Ni kweli, abaayo. Nilikuwa nimemfundisha kukanyaga klachi. Miaka ishirini na tano kwenye usukani, mguu wangu haujui kitu kingine.

Alirudi hakula. Alilala ameelekea ukutani. Nikakaa mlangoni, nikamwambia neno ambalo sijamwambia mtu yeyote: "Nasra, sikuwahi kumwona mama yako akicheza. Hata mara moja. Ngoma ile ni ya wanawake, mwanamume hatazami. Nilikuwa nampeleka, namngoja nje."

Hakugeuka. Akasema, "Najua, abti. Nilijua tangu siku ya pili. Lakini hakukuwa na mtu mwingine aliyesema anaujua."

Dada yangu, nimepinduka na lori mara mbili. Mara zote mbili nilitoka bila hata mkwaruzo. Siku ile sikutoka hivyo.

Nikaanza kukumbuka safari zetu. Nilikupeleka harusi zote hizo, Wajir, Kutulo, mpaka vijiji visivyo na jina. Ukikaa pale mbele kando yangu ulikuwa huachi kusema. Ulinisimulia walipowachukua ninyi wasichana kujiandaa kwa sikukuu ya serikali, na mwalimu aliyetoka mbali akataka mruke-ruke wageni wafurahi. Ukamwambia mwili wako haukulelewa kwa kuruka, ulilelewa kwa kutembea mbali, na kama wageni wanataka kuona kitu chako wakae wakitazame kinavyotembea. Ukatoka kwenye mazoezi, ukarudi nyumbani kwa miguu. Ulinisimulia wanawake waliokutania kabla ya harusi, "Halima, wewe mweusi sana, hina haionekani kwako," ukawajibu, "Basi mtatazama miguu." Na wale bibi waliosema mwendo wako si wa zamani, umeutunga mwenyewe, huo si urithi. Hapo ulikasirika mpaka ukapiga dashibodi yangu. Ukasema, "Na wao wa zamani waliupata wapi wao? Walikuwa na macho wakatazama mifugo yao na kazi yao. Mimi macho sina?"

Yote hayo uliniambia mimi, nami nilikuwa nangojea umalize ili nikusimulie habari za gurudumu langu.

Kesho yake nilimpakia Nasra tukaenda Balambala kwa Ayeyo Dekha, yule bibi aliyekuwa anakupigia ngoma. Bado yu hai. Mikono imevimba viungo, macho yamefifia, lakini ulimi ni ule ule. Alinisikia kabla sijashuka. "Huyo ni Abdi," akasema, "anakuja na uongo mpya au ule wa zamani?"

Nikamwambia, "Ayeyo, leo sina." Akakiweka chini kijiti chake cha ngoma. Nadhani aliogopa.

Akatuambia makofi anayo yote, mapigo anayo yote. Miguu hana. Akasema, "Mpiga ngoma hatazami miguu, anasikiliza pumzi. Lakini Halima alikuwa akiniambia kila mara: mwendo huu nimeutoa kwa ngamia wa baba, yule aliyekuwa na mguu mbovu. Mwulize kaka yangu, tulimchunga pamoja."

Nikakaa chini, abaayo, kwenye mchanga, na suruali yangu nzuri.

Kwa sababu nilikuwa namjua yule ngamia. Jike, rangi ya mchanga, mguu wa nyuma wa kulia. Alikuwa anaunyanyua, anauacha ukining'inia kidogo hewani kama anafikiria aende au asiende, kisha anaushusha taratibu, na shingo inafuata ikiwa imechelewa. Wengine wote walitangulia kisimani, yeye alibaki nyuma. Na wewe, kisichana cha miaka minane, ulikuwa unabaki naye, unatembea nyuma yake vile vile, unanyanyua, unangojea, unashusha. Nilikucheka. Nilikuita Halima Kiguru mbele ya watoto wote. Ukaniambia, "Simwigi ili nicheke. Namwiga asione yuko peke yake."

Nilikuwa nimesahau. Miaka yote hiyo nikiuza kitu nilichobuni, na cha kweli ninacho, nimekikalia kama mtu aliyekalia miwani.

Nikasimama nikamwonyesha Nasra. Sikumwonyesha ngoma, nilimwonyesha ngamia. Nilitembea ua mzima wa Ayeyo Dekha, mwanamume mzima mwenye kitambi, nachechemea, shingo ikichelewa. Nikamwambia yule ngamia alikuwa anatazama wapi, kwato zilitoa sauti gani kwenye changarawe, vumbi lilikuwa linakaa wapi mgongoni. Nasra hakucheka. Ayeyo akaanza kugonga taratibu, akanisikiliza, akafika pale mguu unaponing'inia, akaruka pigo moja. Akasema, "Hapo! Wallahi, hapo ndipo nilipokuwa nanyamaza, na sikuwahi kujua kwa nini."

Nasra akajifunga shuka. Ayeyo akaninyooshea kijiti: "Ngamia amekwisha. Sasa toka nje."

Nikatoka. Nilikaa kwenye mashamba kule mtoni, mihindi imesimama vizuri baada ya yale mafuriko. Nilisikia pigo, pigo, kimya, pigo. Mara nyingi sana. Nilisikia Ayeyo akimgombeza, kisha nikamsikia akipiga vigelegele peke yake, bibi wa miaka sijui mingapi.

Harusi ilikuwa Jumapili. Sisi wanaume tulikaa upande wetu wa turubai na pilau yetu, wanawake upande wao, katikati pazia. Alasiri buranbur ikaanza. Mmoja wao akatunga beti za kumsifu bibi harusi, kisha akakutaja wewe, jina lako na la baba, akaniliza pale pale. Makofi yakapanda. Nikajua Nasra ameingia, kwa sababu mlio ulikuwa mwepesi, kama watu wanaosubiri kucheka.

Nikahesabu. Pigo, pigo, kimya. Nikarudisha tonge la pilau sahanini. Wale wanawake wote, abaayo, na mikono yao yote, wakanyamaza pamoja, mahali pale pale. Kisha pigo. Hakuna aliyecheka. Ikaenda hivyo mara ya pili, ya tatu. Ya nne, kimya kikawa kirefu mara mbili. Nikasema amesahau, amekwama, mguu uko juu na hajui aushushe wapi. Nilishika mguu wa meza. Halafu likaja pigo, na vigelegele vilivyofuata, nakuapia, turubai lilinyanyuka. Hii si chumvi. Kigingi kimoja kiling'oka, waulize.

Mzee mmoja akanipiga bega: "Abdi, mwanafunzi wako huyo!"

Nikamwambia, "Si wangu. Mwendo ni wa mama yake, na kile kimya kirefu ni chake mwenyewe. Mimi nilikuwa nachunga ngamia tu." Akanigusa paji la uso kuona kama nina homa.

Jioni Nasra akanijia, hina imemchafuka, sauti imekauka. "Abti, pale mwisho nimeongeza kidogo. Nilitaka kungoja zaidi. Unafikiri mama angekasirika?"

Mdomo wangu ulikuwa tayari una jibu, unanijua. Ungesema hivi, ungefanya vile, nilikuwepo. Nikaufunga. Nikamwambia, "Sijui. Lakini dashibodi yangu bado ina alama ya ngumi yake, aliipiga alipowakasirikia bibi waliosema mwendo wake ameutunga mwenyewe." Nikamsimulia. Safari hii nilisimulia maneno yako tu, langu hata moja sikutia. Alikaa akisikiliza mpaka adhana.

Sasa nisikie ahadi yangu, abaayo. Kule Wajir wamebaki wanawake watatu waliocheza na wewe, na mmoja ameanza kusahau majina ya watoto wake. Shule ikifunga nitampeleka Nasra kwa kila mmoja, na daftari jipya. Nitaendesha polepole, nitabeba maji ya kutosha, na wakijifungia naye ndani nitakaa nje mpaka wamalize, hata iwe mwezi mzima. Atakachokitoa huko atanisimulia njiani kama ulivyokuwa unanisimulia wewe, na safari hii nitanyamaza nisikilize.

Mungu akunurishie kaburi, Halima binti ya baba yangu. Umelala, na sisi huku tunaendelea na kazi yako.

Kaka yako,
Abdi