Sauti Yako Niliyoifuta

Mpendwa Babu,

Jana binti yako Suma aliniomba ile rekodi. Amemaliza mambo ya mazishi, sasa anataka sauti ya baba yake, nayo imo kwenye simu yangu. Mimi peke yangu ndiye ninayejua kilichomo.

Unakumbuka nilivyoingia kwako Neasden, huku London, siku ya kwanza? Wakala wa watunza wazee alinituma nije kukuogesha na kukupa dawa. Nikakusalimia kwa Kiingereza changu cha mitaa ya Barking, ukaniangalia, ukauliza, "Mtu wa wapi wewe?" Kiswahili cha Tanga hasa, cha kwetu! Baba yako alikuwa karani wa reli kule, nawe ukaondoka kijana kwenda Bangalore, India, kutafuta kazi ya filamu. Nikawa nakuita Babu, ukawa unaniita mjukuu, na kuoga kukawa na maneno mengi kuliko maji.

Ukanisimulia yako. Miaka ya mwanzo uliimba sauti ya kuongozea tu. Unaimba wimbo mzima wa filamu ya Kikannada, lugha ya huko, mwimbaji staa anashuka kwenye gari lake, anakusikiliza, anaimba juu yako, kisha fundi wa studio anakufuta. "Nimefutwa mimi, mjukuu, mpaka nikazoea," ulisema, lakini hukuwa umezoea. Ndipo staa mmoja akashikwa na homa, filamu ikatoka na sauti yako, mji mzima ukaiimba. Ukawa mtunzi, wenye magari wakakungoja wewe. Halafu zikaja kompyuta, simu ikaacha kulia, mkeo akafariki, Suma akakuleta huku kwenye baridi.

Kiharusi kikaanza kukunyang'anya koo, na bado ukatunga wimbo. Maneno ya Kikannada yangekuja baadaye, ulisema. Kwa sasa ulijaza ya Kiswahili, yoyote tu: dirisha, sukari, shangazi. Tulimcheka sana huyo shangazi. Ukarekodi kwenye simu yangu kwa taabu, ukapumzika, ukaniambia, "Sasa imba wewe juu yangu, Suma asikie wimbo unavyotakiwa kuwa."

Nikaimba juu yako. Nilifungua rekodi ileile, nikabonyeza kitufe chekundu, nikaimba kwa moyo wote, mjinga mimi. Tuliposikiliza, nilikuwa peke yangu. Uliingoja sauti yako mpaka mwisho. Kisha ukasema, "Hata wewe," ukageukia ukutani. Nilikubembeleza turekodi upya. Hukuimba tena, na Jumapili iliyofuata ukatutoka.

Leo nimemwambia Suma yote. Nilitamani anitukane, ningepata nafuu. Akasema, "Just send it," yaani niitume tu, nikamtumia, akaiweka simu sikioni. Akanisikiliza nikijimwaga na wimbo wako. Mwisho kabisa, nikishanyamaza, kuna mtu anakohoa mara moja. Suma akarudisha nyuma. Akarudisha tena. Nilipotoka kwenda kushika treni alikuwa bado anakisikiliza hicho kikohozi, na ndicho pekee nilichomwachia cha baba yake mwimbaji.

Sitakuomba msamaha, maana ulishanijibu ukiwa hai. Nenda salama, Babu.

Mimi,
mjukuu wako wa Tanga